Mwanangu wa miaka 14 ameomba picha kwa binti wa jirani. Nifanye nini?

Swali

Shikamoo mama. Nina watoto watatu, tunaishi Morogoro. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 14, yuko Kidato cha Pili. Juzi aliacha simu yake kwenye chaji sebuleni, ujumbe ukawa unaingia mfululizo, nikaifungua. Nimekuta grupu la WhatsApp la wavulana wa shuleni kwao, wako kama arobaini, wanarushiana picha za utupu za wasichana na nyingine wamezigeuza stika. Kilichonivunja zaidi ni mazungumzo yake na binti wa jirani, miaka 11, Darasa la Sita. Amemwomba picha ya utupu siku tatu mfululizo, akamwahidi bando la wiki, mtoto wa watu akatuma moja. Sijui kama imefika grupuni. Mume wangu anataka kuivunja simu, amchape kijana, kisha ampeleke kwa mdogo wake kijijini. Dada yangu anasema ni utoto tu, utapita. Mimi silali. Je, mwanangu ameshaharibika? Ndiyo anakuwa mbakaji? Na niende polisi kumshtaki mtoto niliyemzaa mwenyewe?

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole, na nakushukuru kwa kuandika. Wazazi wengi wanaoona ulichokiona huzima simu, hukaa kimya, na huja kwangu miaka miwili baadaye, mambo yakiwa yamefika pabaya. Wewe umeuliza ndani ya siku mbili. Hizo siku mbili ni mtaji.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mume wako ametaja simu, fimbo na kijiji. Dada yako ametaja utoto. Wote wawili wanampenda kijana, sina shaka. Lakini hakuna aliyesema yule binti afanyiwe nini. Basi na tuanzie hapo: kuna watoto wawili katika habari hii, na wa kwanza kulindwa ni yeye. Kwa mama yake nitarudi mwishoni, kwa sababu najua ndiyo hatua unayoiogopa kuliko zote.

Kwanza ya leo. Simu isivunjwe. Picha ile usiitume kwa mtu yeyote, si kwa mumeo aone, si kwa mwalimu, si kwenye grupu la kina mama, wala kwangu. Nimeona mzazi mwenye nia njema kabisa akisambaza picha ya mtoto "ili watu wajue", na ikafika mitaa ambayo wale wavulana wasingeifikisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto, na haimwulizi msambazaji alikuwa na uchungu kiasi gani. Andika kwenye daftari: jina la grupu, tarehe, namba unazoziona, maneno aliyomwandikia. Kisha zima simu, iweke kabatini, na kabla jua la kesho halijazama uwe umezungumza na mtu wa kazi hii. Piga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wao watakuelekeza nini kifutwe na lini.

Swali moja la kumwuliza kijana usiku huu huu: picha imefika wapi? Saa zina maana hapa. Ujumbe wa WhatsApp uliotumwa unaweza kufutwa kwa wote ndani ya siku mbili na kitu tu, baada ya hapo unabaki kwenye simu za wenzake. Na hata kabla ya hapo, simu nyingi zimeachwa zikihifadhi kila picha inayoingia moja kwa moja kwenye galari. Ndiyo maana kijana ambaye hajawahi kutuma chochote grupuni anaweza kuwa na picha hamsini za aina hiyo kwenye simu yake bila kuzifungua. Mwambie mumeo hilo kabla hajahesabu picha na kutoa hukumu.

Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Binti au mzazi wake huichagua picha kwenye simu yao wenyewe, na mfumo huitengenezea alama ya kidijitali, kama alama ya kidole. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Alama hiyo hupelekwa kwa kampuni zilizojiunga, zikiwamo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, ili picha ikipandishwa huko itambulike na kuondolewa. Haiwezi kuingia kwenye mazungumzo ya WhatsApp, kwa kuwa yamefungwa kwa usimbaji, yaani husomwa na wanaoandikiana tu. Lakini inasaidia kuzuia picha isitoke grupuni ikaenda hadharani, na huo ndio woga mkubwa wa kila binti. Kwa hiyo familia yake isikimbilie kuifuta picha kwenye simu ya binti kabla ya kuitumia huduma hii.

Sasa swali lako lenyewe. Ameharibika?

Hapana. Lakini alichofanya si utoto tu, na sitaki nikufariji kwa kukudanganya. Wanaofanya kazi na vijana hutumia ngazi iliyopangwa na Profesa Simon Hackett wa Uingereza mwaka 2010. Chini kabisa kuna tabia za kawaida za umri: udadisi, maswali, kuona haya. Juu yake kuna tabia isiyofaa mahali ilipofanyika, halafu tabia yenye tatizo, halafu ya unyanyasaji, na juu kabisa ya ukatili wa nguvu. Kijana wa miaka 14 kumwandikia msichana wa darasani kwake kwamba anampenda, hilo lipo chini, mzazi aongee naye na maisha yaendelee. Mwanao amemfuata mtoto aliye mdogo kwake kwa miaka mitatu, na katika umri huo miaka mitatu ni pengo kubwa. Ameomba siku ya kwanza, akarudi ya pili na ya tatu. Ameweka bei. Umri, shinikizo na hongo vikikutana, tunaliita tendo kwa jina lake: ni unyanyasaji. Tendo ndilo lenye jina hilo. Usimpe yeye.

Tofauti hiyo ina ushahidi nyuma yake. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani, Michael Caldwell, alikusanya tafiti 106 zenye kesi 33,783 za vijana waliowahi kufanya kosa la kingono. Katika muda wa wastani wa karibu miaka mitano, waliorudia kosa la kingono hawakufika 5 kati ya 100. Kijana wa miaka 14 si mbakaji mdogo anayesubiri kukua. Ubongo wake bado unajengwa, anajali mno wenzake wanamwonaje, na sehemu kubwa ya makosa haya hukoma yakishagundulika na kushughulikiwa. Lakini soma vizuri: hao ni vijana ambao jambo lao lilifika mbele ya watu wazima. Mzazi anayetaka kunyamaza asiichukue takwimu hii kuwa mto wa kulalia.

Wala usijione uko peke yako na mtoto wa ajabu. Utafiti wa David Finkelhor na wenzake, uliotolewa mwaka 2009, uliangalia Marekani ukakuta kwamba zaidi ya theluthi ya watu waliojulikana na polisi kuwafanyia watoto makosa ya kingono walikuwa wenyewe chini ya miaka 18. Kwetu Tanzania, utafiti wa UNICEF, INTERPOL na ECPAT uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kwamba watoto 4 kati ya 100 wenye miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepitia udhalilishaji mzito wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Mara nyingi mhusika hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa mtu anayejulikana.

Ametoa wapi haya? Zamani mvulana swali la mwili alilipeleka jandoni, kwa mjomba au kwa babu. Sisemi kila kilichofundishwa kule kilikuwa chema, mengine yalihitaji kuachwa na yameachwa. Lakini palikuwa na mtu mzima mwenye uso, anayeweza kuulizwa na anayeweza kukasirika. Siku hizi mtoto anapewa simu na bando kabla hajapewa sentensi moja kuhusu mwili wa mwenzake. Kinachobaki kumfundisha ni zile video za ngono wanazoziita koneksheni, ambamo mtu hukataa, huendelea kusumbuliwa, na mwisho hukubali. Ukiangalia zile siku tatu za mwanao, utaona ndiyo hadithi hiyo hiyo.

Juu ya hayo kuna grupu. Kwenye grupu la wavulana arobaini picha ni cheo. Anayeleta mpya anapigiwa makofi kwa emoji, asiyeleta anaitwa mshamba. Na sasa zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuchukua picha ya msichana akiwa na sare ya shule na kutengeneza ya uongo ya utupu. Hili limetokea Almendralejo, mji mdogo wa Hispania, mwezi Septemba 2023: wavulana walichukua picha za kawaida za wasichana wa mji wao, wakazichakata hivyo na kuzisambaza kwa WhatsApp. Mwaka 2024 mahakama ya watoto iliwakuta na hatia vijana 15. Haikuwafunga. Iliwapa mwaka mmoja wa kuwa chini ya uangalizi, pamoja na mafunzo ya lazima kuhusu heshima kati ya wanaume na wanawake na matumizi mema ya teknolojia. Waliokuwa chini ya miaka 14, ambao sheria ya kule haiwashtaki, walielekezwa kwa huduma za ulinzi wa watoto. Naipenda hukumu ile kwa sababu haikusema "ni utoto", wala haikusema "watupwe".

Nakuja kwa mumeo, na naomba umsomee sehemu hii. Baba, najua fimbo unayoishika ni ya uchungu. Lakini kijana akichapwa kwa jambo hili anajifunza kitu kimoja: aweke nywila. Maumivu ya mgongoni hayamwelezi kwa nini mtoto wa miaka 11 hawezi kutoa ridhaa. Na kuhusu kijijini, nakuuliza: kwa mdogo wako kuna watoto? Wanalala wapi? Katika kazi yangu nimekutana na familia iliyompeleka kijana "akabadilike" kwa ndugu bila kusema sababu, akalazwa chumba kimoja na binamu wawili wadogo. Haikuwa imemwadhibu yeye, ilikuwa imewahatarisha wao. Kijana abaki nyumbani, chini ya macho ya watu wanaojua kilichotokea.

Mazungumzo yenyewe yasiwe kikao cha ukoo. Azungumze naye mmoja wenu, aliye mtulivu zaidi, wakati mikono ina kazi: mnapukuchua mahindi, mnatembea kwenda dukani. Mvulana huongea vizuri zaidi asipotazamwa machoni. Unaweza kuanza hivi: "Nimeona ulichomwandikia yule mtoto. Nimekisoma chote. Sitakupiga, na sitanyamaza." Halafu nyamaza kweli, hata kama ni dakika tano. Kisha uliza machache: picha iko wapi, imefika kwa nani, kuna mwingine uliyemwomba? Usimhoji usiku kucha wala kumrudisharudisha, maelezo ya kina waachie wenye kazi. Ila swali moja usiliache: "Na wewe, kuna mtu aliyewahi kukuomba picha, au kukushika, au kukutisha kwa picha?" Hapo ndipo baadhi ya wavulana hulia. Wapo waliofanyiwa kwanza ndipo wakafanya, na wapo wanaobanwa na matapeli wa mtandaoni waliojifanya wasichana.

Atakwambia, "Lakini alikubali." Usikasirike, ndiyo sehemu ambayo hajafundishwa. Mwambie: "Siku ya kwanza hakutuma. Ulipaswa kuishia hapo. Uliporudi ya pili, haikuwa kuomba tena, ilikuwa kumbana. Ulipotaja bando ulikuwa unamnunua. Na hata angesema ndiyo tangu mwanzo, ana miaka 11. Mtoto wa umri huo hawezi kukubali jambo hili." Arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, mrudieni kesho.

Baada ya hapo zinakuja taratibu za nyumba, na ziandikwe. Simu yoyote atakayorudishiwa ilale sebuleni kwenye chaji pamoja na zenu ninyi wazazi, maana akiona ya baba inaingia chumbani hatasikia. Kwa sasa asiachwe peke yake na watoto wadogo, wakiwamo wadogo zake, hata kwenda nao bombani. Mweleze sababu bila kumtukana: "Tunakulinda wewe na wao mpaka tuwe na uhakika." Awe na mpira, kwaya, madrasa au bustani, kitu chenye watu wazima na ratiba. Ushauri nasaha uhusishe wazazi pia. Jaribio lililofanyika Chicago, matokeo yake yakatolewa mwaka 2009, lilionyesha kwamba tiba iliyowaingiza wazazi, shule na marafiki ilipunguza tabia hizi kuliko vikao vya kawaida vya vijana kwa makundi. Kwa hiyo afisa ustawi akikwambia njoo na baba yake, nendeni wote wawili.

Kutoka grupuni ni kugumu kuliko tunavyodhani, maana jina lake litaonekana kwamba ametoka na kesho yake shuleni ataulizwa. Mpe kisingizio. Aseme, "Mama anakagua simu, nikibaki ananyang'anya." Kubali uonekane mama mkali, utakuwa umempa mwanao mlango wa kutokea. Kuhusu shule, nenda kwa mwalimu wa malezi au dawati la ulinzi wa watoto kama lipo. Usitaje jina la binti wala usionyeshe picha. Omba jambo moja: wazungumze na wavulana wote arobaini, si kuwafukuza watano ili wengine waende kufungua grupu jingine jioni hiyo. Kati ya hao arobaini wapo ambao hawajatuma chochote na wanaona vibaya. Hao ndio wa kupewa neno la kusema, kama "Futa hiyo, ni dada wa mtu tunayemjua."

Wadogo zake usiwasahau. Kwao bado uko mapema. Kila mmoja aanze kwa kujua majina halisi ya viungo vyake, uume na uke, si "kidude" na "kule chini". Mtoto asiye na neno hana namna ya kushtaki, wala ya kuuliza. Mwambie kwamba picha ya mwili wa mtu si kitu cha kuomba, kuhifadhi wala kuonyesha, na kwamba ikimfikia aje kwako na hatachapwa. Ahadi hiyo uitimize siku atakapokuja.

Polisi. Ndiyo, jambo hili litolewe taarifa, kwa sababu kuna mtoto wa miaka 11 na kuna picha. Lakini ondoa ile sura ya mwanao kwenye karandinga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba mtoto hahukumiwi kifungo cha jela, na kesi ya mtoto husikilizwa na mahakama ya watoto, afisa ustawi wa jamii akishirikishwa. Wasomaji wangu wa Kenya nao wana 116 yao, na Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12 na kuweka utaratibu wa kumtoa mtoto kwenye mkondo wa kesi pale inapofaa. Nenda na mumeo, nenda na daftari lako. Mzazi aliyekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na aliyefuatwa. Na ikiwa katika mazungumzo atakwambia alimtishia, au alimgusa, au kuna mtoto mdogo zaidi, usingoje kesho.

Sasa mlango wa jirani. Zungumza kwanza na afisa ustawi kuhusu namna ya kumfikia, ikiwezekana mwende pamoja. Usiende na kijana. Kumlazimisha binti asimame mbele yake kusikiliza "nisamehe" ni kumwongezea mzigo, msamaha atauomba siku binti na wazazi wake watakaposema wako tayari, na wakisema kamwe, ni haki yao. Usiende na mbuzi wala bahasha. Mambo haya yakishamalizwa kifamilia kwa bahasha, binti hubaki na siri, na kijana hubaki na somo kwamba kuna bei.

Hofu yako kubwa, najua, ni aibu yako. Hofu yangu ni kwamba mama yake atamgeukia binti kwa kipigo: "Kwa nini ulituma?" Kwa hiyo kabla hujaketi, kabla ya maji hayajaletwa, sema: "Mama fulani, mwanangu amemkosea mwanao. Binti yako hana kosa, nimekuja kulisema hilo kwanza kabla hujamwita."